Mchanga Mweusi wa Manut

14 Desemba, Tual

Kinanti, binti yangu wa miaka kumi na mitatu, ametoa amri: kila msafiri aandike shajara. Mwalimu wake amempa kazi ya likizo na yeye hapendi kuteseka peke yake. Mama yake kapewa daftari lenye maua. Mdogo wake Jati, miaka minane, kapewa la kuchora. Mimi nimepewa hili la mistari mipana, la watoto wanaoanza kuandika. "Kwa sababu ya mwandiko wako, Baba," alisema, na kwa huruma sentensi hakuimaliza.

Haya. Mimi ni Fabianus Renwarin, mpishi wa meli. Shule niliiacha darasa la nane, lakini bandari nilizopika ni ishirini na mbili. Nimekaanga samaki Mombasa, nimechemsha wali Colombo, na nahodha mmoja Mgiriki alilia alipoonja supu yangu, na hapakuwa na kitunguu karibu. Asiyeamini aandike daftari lake.

Mpango ni huu: visiwa vitano, siku kumi na mbili, kila mtu na mkoba wake mgongoni, kulala kwa jamaa au kwenye hema. Boti ni ya Mzee Hanok, ngalawa ya mashine. Yeye anashika usukani, mimi nashika sufuria. Tarehe 10 Januari niwe Surabaya, meli mpya, mpishi mkuu, jiko lenye oveni tatu. Nafasi hiyo nimeisubiri miaka minane. Nisipofika, yupo wa kuichukua, na wali wake huwa na mawe.

Manut, kisiwa nilikozaliwa, ni cha nne kwenye orodha. Aliyekiweka ni mke wangu, Lastri. Mimi nimekuwa nikiomba mvua.

15 Desemba

Mashine ilikataa kuwaka. Mzee Hanok aliitukana kwa heshima, ikawaka.

16 Desemba

Kisiwa cha kwanza. Lastri alivua kandambili, akachota mchanga, akauachia upite katikati ya vidole.

"Mweupe kama unga wa ngano! Baba Kinanti, visiwa vyote huku mchanga ni hivi?"

"Vingi."

"Na Manut?"

"Manut kuna mchanganyiko," nikasema, nikakimbilia kuwasha moto saa nne asubuhi, hakuna mwenye njaa.

Niandike hapa, maana daftari haliulizi. Mama yangu alifariki miaka minne iliyopita. Habari zilinikuta Surabaya, tunakoishi. Jati alikuwa amelazwa kwa homa kali, Lastri hakuweza kumwacha, kwa hiyo nilikuja peke yangu. Nilifika Tual. Kutoka Tual hadi Manut ni saa mbili na nusu kwa boti. Sikwenda. Nilikaa siku tatu nyuma ya kibanda cha tambi bandarini, kisha nikarudi Surabaya.

Sasa mtu anarudije kutoka mazishini kwa mama yake mikono mitupu? Karibu na nyumbani palikuwa na ghorofa linajengwa. Nikachota mchanga kwenye lundo la mafundi, nikautia kwenye mfuko. Nikamwambia Lastri: huu nimeuchota kaburini kwa mama.

Lastri ni wa Yogyakarta, chini ya mlima wa moto. Kwao mchanga ni mweusi, na Surabaya mchanga wa kujengea nyumba ni mweusi vilevile. Aliutia kwenye chupa ya achari yenye mdomo mpana, akaiweka juu ya kabati, na kila Alhamisi jioni ananyunyizia maua ya asumini na kumsalia mama mkwe wake. Miaka minne. Alhamisi zake hazihesabiki.

Na mimi, baada ya miaka ishirini ya kuishi Java, kati ya mchanga mweusi, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mchanga una rangi. Nimekumbuka leo.

Chupa iko kwenye mkoba wake, imefungwa taulo. Ndiyo sababu ya safari. Anataka kuurudisha kaburini.

Watu wa Manut nao baadaye niliwatumia habari kwamba siku ile nilikuwa baharini, karibu na Madagaska, dhoruba imetushika. Kwa hiyo kwa watu wa Manut nilikuwa Madagaska, kwa mke wangu nilikuwa Manut, na kwa Mungu nilikuwa Tual nakula tambi. Hata Mtakatifu Antoni alionekana mahali pawili tu.

17 Desemba

Jati amehesabu nyota za baharini mia na nne. Zote amezipa jina la mwalimu wake wa hesabu.

18 Desemba

Kisiwa cha tatu. Nilijaribu.

"Upepo wa magharibi unakuja," nilimwambia Lastri. "Mimi bahari naisoma kama orodha ya vyakula. Tuiruke Manut, turudi Tual mapema."

Mzee Hanok, ambaye kwa siku nne alikuwa amesema maneno kumi na moja, akachagua saa hiyohiyo kuongea. "Upepo bado wiki nzima."

Lastri akacheka. "Hivi visiwa vingine vilikuwa mapambo, Baba Kinanti. Mimi nimekuja Manut."

19 Desemba, Manut

Hatujashuka, pwani imejaa. "Kapteni! Kapteni Fabi karudi!"

Lastri akanigeukia. "Kapteni?"

"Huku yeyote wa meli wanamwita kapteni. Hata mfagiaji."

Ukweli ni kwamba mwaka wangu wa kwanza melini nilimwandikia mama kwamba nimepata unahodha. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, namenya viazi. Mama akalitangaza kanisani. Baada ya hapo ningeshukaje?

Dada Oktaviana alikuwa mlangoni. Ananizidi miaka tisa. Mgongo wake ndio ulionibeba na kiganja chake ndicho kilichonichapa. Alimkumbatia Lastri, akawakumbatia watoto, mimi akanishika sikio kama zamani. Nyumbani kila kitu kilekile. Kalenda ya Surabaya niliyomtumia mama bado iko ukutani, ya miaka kumi na moja iliyopita, imesimama kwenye Machi kwa sababu Machi ina picha ya jiji. Kila barua nilimwandikia: mwakani nakuja kukuchukua, Mama, uione Surabaya.

Chakula cha jioni: samaki wa kuchoma, ngisi, majani ya mpapai kwa nazi, na enbal, mkate wetu wa muhogo mchungu. Katikati ya kula Lastri akafungua taulo, akaweka chupa mkekani kwa mikono miwili.

"Wifi, nimemrudishia mama mchanga wake. Ule alioleta Fabi kutoka kaburini."

Dada akaichukua. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mweusi."

"Ndiyo, wifi. Aliuchota kwa mkono wake mwenyewe, siku ya mazishi."

Dada akanitazama. Mimi nilikuwa nashughulika kutoa miiba kwenye ngisi.

"Mchanga huu umesafiri sana," Dada akasema taratibu. "Uache upumzike. Tutakwenda makaburini siku ya kwanza ya mwaka, kama kawaida yetu hapa."

"Lakini wifi, sisi tunaondoka kesho kutwa."

"Kula, mwanangu," Dada akamwambia Jati, "ngisi huyu hana mwiba hata mmoja."

20 Desemba

Asubuhi nimekuta ukuti wa mnazi umefungwa kwenye pua ya boti. Ule ukuti wa ndani, wa manjano, umechanwa na kusukwa, fundo moja.

Hawear. Hapa hata mtoto anayetambaa anajua: kitu kilichofungwa ukuti hakiguswi mpaka aliyefunga afungue. Nimeona ukuti ukifunga minazi mwaka mzima, nazi zinaanguka zinaota na hakuna anayeinama. Nimeona ukifunga mlango wa shule. Mimi ninayejua kufuli za nchi ishirini sijaona kufuli kama hii, na mbuzi anaweza kuila.

Nilimkuta Dada anafagia.

"Dada, ule ukuti."

"Nimeufunga mimi."

"Kwa nini?"

"Fabi. Usiniulize kitu kilicholala kinywani mwako. Utakisema mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu wa mama na mbele ya mkeo. Siku hiyo nafungua."

"Na kama..."

"Mimi sitamwambia neno. Sikukubeba mgongoni nije kukuvua nguo mbele ya mkeo. Utavua mwenyewe. Sogea, unakanyaga taka."

Lastri aliponiuliza, nikamwambia ni mila yetu, wenyeji hufunga boti ya mgeni kumwonyesha kwamba wanapenda akae.

"Jamani," akasema, macho yamemlowa, "watu wa kwenu wakarimu!"

21 Desemba

Ukuti upo.

22 Desemba

"Mzee Hanok, wewe si wa Manut. Ukuti wa hapa haukuhusu."

"Mkono ni wangu," akasema. "Bado nautumia."

Nikaenda kwa Natalis, tuliyesoma naye, ana boti mbili. "Nikupakie wewe? Umefungwa, halafu nikupakie? Mwaka mzima nitavua kandambili tupu." Akanipiga bega. "Si uite meli yako, Kapteni?" Waliokuwa wanashona nyavu wakacheka mpaka wakachomwa sindano.

Kisiwa hiki ukikizunguka kwa miguu ni dakika arobaini. Nimekizunguka mara tatu.

23 Desemba

Mvua. Nilitumaini ukuti utaoza. Umenawiri.

25 Desemba

Krismasi nimepika mimi, kwa kijiji kizima. Nguruwe wawili, samaki sijui wangapi, mchuzi wa ndimu na pilipili uliomfanya padri aombe radhi na kurudia mara ya tatu. Mimi nikishika mwiko hata bahari inanyamaza kusikiliza.

Mzee mmoja asiye na meno alipaza sauti: "Huyu Kapteni anapika kuliko mpishi!" Watu wakaanguka kicheko. Dada hakucheka, ila aliongeza sahani.

Lastri alikuwa amekaa kati ya wanawake, ananitazama. Naujua ule uso. Aliuvaa siku ya harusi yetu. Nikageuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kuna uzito mtu kupendwa kwa ajili ya mahali ambapo hakuwapo.

26 Desemba

Mzee Hanok alinusa hewa, akasema neno moja: "Magharibi."

27 Desemba

Leo wanawake wanatengeneza enbal. Wamekaa wawili, mke wangu na dada yangu, na mimi katikati yao toka asubuhi kama mbwa wa jikoni, nikisubiri neno "mazishi" lichomoze nilikamate.

"Baba Kinanti, huna kazi?" Lastri akaniuliza.

"Nawasaidia."

"Unatusaidia kukaa."

Halafu likachomoza. "Wifi," Lastri akasema huku akikuna muhogo, "Fabi aliniambia siku ile ilinyesha mpaka kaburi likajaa maji, akaingia mwenyewe ndani kuyateka kwa kofia yake. Kila nikikumbuka hilo nalia."

Nilikuwa nimelisahau. Nilisema mimi? Kwa kofia?

Dada aliendelea kukamua. "Alisema hivyo."

"Kwa kofia, wifi."

"Huyu tangu mdogo ana kofia kubwa." Akanitupia mfuko wa muhogo uliokunwa. "Kamua. Na ukamue kweli. Maji haya ni sumu, yakibaki kidogo yanaua nyumba nzima, na mkamuaji naye anakula."

Nimekamua mpaka jioni. Mikono inatetemeka, ndiyo maana mwandiko huu.

28 Desemba

Upepo usiokatika. Chumba kimoja, mkeka mmoja, watu wanne, paa linavuja mahali ambapo kichwa changu kinalala. Nguo hazikauki. Bahari imekula ufuo wa upande wa magharibi, na leo nimekizunguka kisiwa kwa dakika thelathini na tano. Kinapungua. Wakati wa chakula watu hunyamaza nikiingia, si kwa ubaya, kwa kusubiri. Hata watoto wa hapa wananisubiri. Kuna mmoja alinifuata nyuma hadi chooni.

Nilifikiria kumwambia Lastri leo. Nilianza. "Mama Kinanti, unajua ule mchanga..." Akainua uso, ana uzi mdomoni, anashona kitambaa cheupe cha kufunikia chupa. Nikasema: "...usilowe."

29 Desemba

Chini ya ukurasa wa jana kuna mwandiko mzuri kuliko wangu. Ni wa Kinanti. Naunakili, maana yeye ameandika kwa penseli na penseli hufutika:

"Baba, nimesoma yote. Nilikuwa natafuta kalamu, nikalikuta daftari kwenye gunia la mchele ulikolificha. Sitamwambia Mama. Mwambie wewe kabla ya tarehe moja, usimwache amwage mbele ya watu. Na leo usinipikie yule samaki unayenitengea kila siku. Sitakula."

Hakula. Nilimwita nyuma ya nyumba.

"Kinanti."

"Baba, hata sijakasirika." Alikuwa anachuna ganda la ndizi vipande vidogo vidogo. "Lakini nikiwa darasa la nne niliandika insha. Baba yangu na kofia yake kaburini kwa bibi. Nilipata namba moja. Mwalimu aliisoma mbele ya shule."

Nimepigwa na mawimbi ya Biskaya, nimepigwa na bosi wa Piraeus kwa sufuria. Hakuna kilichonipiga hivi.

30 Desemba

Asubuhi, maji yamekupwa, nilikwenda kwenye boti na kisu changu cha jikoni. Kisu kile kinapasua unywele. Ukuti wenyewe sasa umekauka, umekuwa rangi ya chai, ungekatika kwa kucha. Nilikuwa na hesabu yangu: nakata, namwambia Hanok umekatwa na upepo, tunatoka kabla ya tarehe moja, mawimbi au hakuna mawimbi.

"Baba, si jani tu?" Jati alikuwa nyuma yangu na ndoo yake ya kaa.

"Jani tu."

"Basi kata."

Nilisimama pale mpaka maji yakaanza kurudi yakinilowesha vifundo. Mkono uligoma. Nimeishi nchi za watu, nimecheka kila mwiko wa kila bandari, nimepiga mluzi melini, jambo ambalo mabaharia wote wanaliogopa. Lakini hapa ndipo nilipotambaa nikiwa mtoto.

"Huwezi?" Jati akauliza, bila dharau, kama mtu anayeuliza saa.

"Siwezi."

"Mimi pia shangazi ameniambia siwezi," akasema, akanishika mkono tukarudi.

31 Desemba

Ukuti upo. Lastri amepiga pasi kitambaa cheupe kwa chungu cha maji ya moto. Nilikaa naye jioni nzima. Sikusema.

1 Januari

Makaburi yako upande wa pili wa kisiwa, juu kidogo ya ufuo; maiti hupelekwa huko kwa mashua kupitia mlango wa mwamba, lile pengo jembamba lenye mawimbi, na mtoto wa kiume ndiye hushika usukani. Watu wote walitoka kanisani moja kwa moja na mafagio, mishumaa, watoto. Upepo uliwazimia mishumaa, wakawasha, ukazima. Kaburi la mama ni saruji pembeni na katikati mchanga, umechekechwa, mweupe hadi unaumiza macho. Dada huuchekecha kila mwaka.

Lastri alipiga magoti. Nilimwona akiutazama ule mchanga. Akatazama ufuo. Akatazama kaburi la jirani, na la jirani yake. Kote kweupe. Akafungua kitambaa, akafungua kifuniko, na mkono wake ukasimama. Ndipo nikajua ameanza kujua, na kwamba bado ananipa nafasi asijue. Angeweza kujiambia chochote. Angemwaga, angenyamaza, tungerudi nyumbani tukiwa wawili tunaotunza uongo mmoja. Kinanti alikuwa amefumba macho.

Nikamshika kifundo cha mkono. "Usimwage. Huo si wa mama."

Hakuuvuta mkono. "Ni wa wapi?"

"Wa mafundi. Lile ghorofa la pale kona."

Kisha nikasimama nikawageukia watu, maana ndivyo ilivyotakiwa, na sauti yangu inayosikika kwenye chumba cha mashine ikatoka kama ya paka.

"Sikuwa Madagaska. Nilikuwa Tual. Siku tatu. Mama amelala hapa anasubiri na mimi nilikuwa Tual, nyuma ya kibanda. Tiketi ya boti ilikuwa mfukoni. Watu wa hapa waliokuja kununua mbao za jeneza niliwasikia wakisema: usukani wa mashua ya mama tumemwekea Kapteni, atampitisha mwenyewe kwenye mlango wa mwamba. Na mimi sijui. Sijawahi kushika usukani hata wa karai. Niliona nampindua mama mbele yenu wote. Mimi si kapteni. Mimi ni mpishi."

"Hilo tunalijua," yule mzee asiye na meno akasema. "Picha uliyotuma, una kofia ya nahodha na aproni. Endelea."

Kuna aliyecheka, akazibwa mdomo. Kumbe miaka ishirini nililinda mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

"Nilijiambia watachoka kunisubiri, watamzika. Leo watachoka. Kesho watachoka."

"Tulisubiri siku tatu," Dada akasema. Hakupaza sauti. "Kwenye joto lile. Tulimwekea majani, tukamwekea kahawa ya unga, tukasubiri. Siku ya tatu nilishika usukani mimi. Mawimbi yalikuwa hapa." Akaonyesha kifuani. "Mwanamke hajawahi kushika usukani ule. Nilishika. Natalis, aliporudi kutoka Tual kununua misumari, aliniambia amekuona unakula tambi. Aliniambia mimi tu, na mimi niliifunga. Kuogopa nilikusamehe, Fabi, ulikuwa mwoga toka tumboni. Lakini hiyo chupa." Akaishiwa pumzi kidogo. "Umempa mwanamke wa watu mchanga wa zege ausalie."

Lastri alikuwa bado amepiga magoti, chupa mapajani.

"Kila Alhamisi," akasema. Hakusema na mimi. "Hata ile niliyokuwa na homa. Nilikuwa namsalia nani, wifi?"

 Upepo uliendelea na mishumaa. Nilitaka kusema kitu, nikaona kila nilicho nacho ni mzaha.

Dada akachuchumaa karibu naye, magoti yakalia. Akachukua chupa, akaitikisa kidogo, akachungulia ndani kama anachungulia kisima.

"Huu umetoka Surabaya?"

"Ndiyo, wifi. Surabaya."

"Mama alikuwa na ile kalenda. Kila atakayeingia, anamwonyesha: huko mwanangu atanipeleka. Mpaka mwezi aliokufa alikuwa ananiuliza kama viatu vyake vinafaa Surabaya." Akamrudishia Lastri chupa. "Hakupelekwa. Basi imekuja yenyewe. Sala zako zimeibeba njia nzima, si za huyu. Mwaga, mwanangu."

 Lastri akainuka, akaniwekea chupa mkononi. "Mwaga wewe. Mimi mikono imechoka."

Nikamwaga. Mweusi juu ya mweupe, doa kubwa kama sinia. Jati akauliza kwa sauti kwa nini Baba analia, Kinanti akamwambia nyamaza, akaja akasimama upande wangu, hakunigusa.

Dada akashika njia ya kurudi ufuoni kwenye boti, sote nyuma yake. Alifungua fundo kwa meno. Ukuti ulikatika vipande viwili akavitupa majini, mawimbi yakavirudisha miguuni pake. Mzee Hanok akatazama magharibi, bahari imesimama kama ukuta, akatikisa kichwa.

2 Januari

Lastri anaongea nami kupitia Jati. "Jati, mwambie baba yako anakanyaga nguo." Na tuko hatua mbili tu.

4 Januari

Ukuti haupo. Sisi tupo.

7 Januari

Mawimbi. Shule zimefunguliwa bila wanangu. Kinanti amesema ile insha ya kofia ataiandika upya na kuipeleka kwa mwalimu. Nimemwambia ataaibika. "Nitaaibika mara moja," akasema. Amekula samaki wake.

10 Januari

Leo meli imeondoka Surabaya, saa mbili asubuhi. Oveni tatu. Sasa hivi yule wa wali wa mawe anavaa aproni yangu. Nilikuwa nimeuandaa uchungu mkubwa, nikaukosa nusu yake.

Jioni Lastri alipita na ndoo. "Leo ndiyo ilikuwa tarehe?"

"Ndiyo."

"Pole."

Neno moja, bila Jati.

13 Januari

Dada aliniambia nishike usukani wa Hanok ndani ya ghuba, maji magotini, angalau nijue. Niligonga jiwe pekee lililopo. Ufuo mzima ulishangilia. "Rudi jikoni, Kapteni," Mzee Hanok akasema, na kwake hiyo ni hotuba.

16 Januari

Upepo umelala. Hanok anasema leo au Machi.

Mikoba iko ndani, enbal ya njiani iko ndani, Dada amenishika sikio na hakuachia haraka. Lastri hakuonekana. Nilidhani amebadili mawazo, nikakaa kwenye ukingo wa boti. Kisha nikamwona anashuka kutoka upande wa makaburi, peke yake, na kile kitambaa cheupe. Chupa imejaa, mweupe, na juu yake chembe chache nyeusi zilizochanganyika, hazikuweza kuepukika.

"Nimeuchota mwenyewe," akasema.

Nikaingia majini kumpokea. Nikanyoosha mikono yote miwili. Mkono alinipa, akapanda. Chupa hakunipa.